Tunaochelewa kurudi nyumbani nasi tuna la kuufanyia mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wafanyakazi wenzangu wa Dar es Salaam, hasa wale wanaotoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi watoto wakiwa wamekwisha kulala, juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelikatia tamaa mapema mno, nalo ni kujitolea katika mitaa tunamoishi. Kwa miaka mingi nimesikia, na mwenyewe nimesema, kwamba kujitolea ni kazi ya wastaafu, wanafunzi na vijana wasio na ajira, kwa kuwa sisi tulioajiriwa hatuna muda. Siamini tena maneno hayo, na ningependa kueleza kilichonibadilisha.

Sisemi kwamba uchovu wetu ni wa kusingizia. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha Kurasini, na nyumbani kwangu ni Segerea. Siku ya kawaida naondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nabadili daladala Buguruni, na jioni narudi kwa njia hiyo hiyo nikiwa nimesimama sehemu kubwa ya safari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, lakini saa zinazoliwa na foleni ya Barabara ya Mandela hazimo katika hesabu hiyo, na kwa anayetoka Mbagala, Gongo la Mboto, Mbezi au Bunju saa hizo zaweza kufika nne kwa siku. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wetu, na sehemu kubwa ya wanaofanya kazi huelekea upande mmoja asubuhi na kurudi pamoja jioni. Mtu aliyepitia hayo siku sita mfululizo akisema kwamba Jumapili anataka kulala, ana haki.

Hata hivyo, hao hao tusio na muda ndio tunaojaza vikao vya harusi. Mwenye kijana anayeoa Desemba huanza kuita watu Septemba. Kamati inaundwa, wanachaguliwa mwenyekiti, katibu na mhazini, na kwa miezi mitatu watu wanaoshinda Kariakoo, Posta na bandarini hukutana kila Jumapili jioni, hufungua kikao kwa sala, husoma muhtasari wa kikao kilichopita, hutaja nani ameahidi na nani amekamilisha, kisha hugawana kazi za ukumbi, chakula, mapambo na usafiri. Ukija msiba ndiyo usiseme: saa mbili hazijapita, turubai limefungwa, viti vimefika, daftari la rambirambi limefunguliwa, na mtu ambaye jana hakuwa na dakika kumi leo analala kwenye mkeka matangani. Nayaheshimu sana mambo hayo na sitaki yapungue hata kidogo. Ninachouliza ni kwa nini uwezo ule ule haufiki kwenye shule ya msingi ya mtaa, kwenye mtaro unaoziba kila masika, au kwa bibi anayeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na jibu nililolipata linahusu namna tunavyoitwa. Kamati ya harusi huniita kwa jina langu, tena kwa kadi. Hunipa siku, saa na mahali. Hunikabidhi kazi moja ninayoielewa, kuna mtu anayeona nisipofika, na mwisho wake unajulikana tangu mwanzo. Mwito wa kujitolea, kwa upande mwingine, hutujia kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari: wananchi mnaombwa kujitokeza kwa wingi. Anayeombwa ajitokeze kwa wingi hajaombwa yeye, na akibaki nyumbani hakuna atakayejua. Mkutano mmoja wa mtaa niliotamani sana kuuhudhuria, uliokuwa wa kupanga ukarabati wa vyoo vya shule, uliitishwa Jumatano saa nne asubuhi, na niliporudi jioni nikaambiwa kwamba wafanyakazi hawajali mambo ya mtaa. Niliumia, kwa sababu saa hiyo ya Jumatano hapakuwa na mwajiriwa hata mmoja ambaye angeweza kufika bila kuomba ruhusa kazini.

Lakini lawama si ya viongozi wa mitaa peke yao. Nasi tunapojitolea tunajitolea vibaya, na hili nimelijua kwa kukosea mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu na kwangu, nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba nitakuja kila Jumamosi alasiri kuwasaidia watoto wa darasa la tatu waliobaki nyuma katika kusoma. Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, iliwaleta madarasani watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani, na hilo ni jambo jema. Ila mwalimu mmoja aliyekabiliwa na watoto wengi kiasi kile hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti, na kusoma hakufundishiki pasipo kusikilizwa. Nilifika Jumamosi nne mfululizo. Wiki ya tano meli mbili zilitia nanga karibu pamoja, nyaraka za mizigo zikarundikana, ikafuata wiki ya ritani ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kisha kufunga hesabu za mwezi, na Jumamosi tatu zikapita bila mimi kufika wala kupiga simu. Niliporudi nilikuta watoto watano badala ya kumi na wanne. Jioni ile mama mmoja anayeuza maandazi jirani na shule alinisimamisha, akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko ukali, "Dada, mwanangu kavaa sare Jumamosi tatu, kakaa getini mpaka karibu na magharibi, kisha karudi. Ungesema tu kwamba huji."

Maneno hayo sijayasahau. Kabla yangu mtoto yule hakuwa na mtu wa kumngoja siku ya Jumamosi, na mchana wake aliutumia kucheza. Mimi ndiye niliyempa cha kungojea, kisha nikakiondoa. Tangu hapo naamini kwamba mfanyakazi anayetaka kujitolea hana budi kuahidi kidogo kuliko anavyotamani, na kilichoahidiwa akishike kama anavyoshika tarehe za mwajiri wake.

Nilirudi kwa mwalimu mkuu, nikamwomba radhi, kisha nikaikalia kalenda yangu kama ninavyokalia leja. Kodi inayokatwa kwenye mishahara hulipwa kabla au ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT huwasilishwa kufikia tarehe 20. Siku za mwisho wa mwezi ni za kufunga vitabu, na hapo hata simu za nyumbani sizipokei. Sasa Jumamosi ya pili ya mwezi wowote ule haiwezi kuangukia nje ya tarehe 8 na 14. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo siku zote bila kuiona, katikati ya pilika mbili. Nikaahidi Jumamosi hiyo moja, saa tisa alasiri hadi saa kumi na nusu, na si zaidi. Mtu mwingine atasema saa moja na nusu kwa mwezi ni nini. Namjibu kwamba kwa zaidi ya miaka miwili nimekosa mara moja tu, na hiyo moja nilitoa taarifa siku tatu kabla, watoto wakaambiwa darasani siku ya Ijumaa.

Katika Jumamosi hizo nimeyaona ambayo nisingeyaona kwa kuchangia fedha peke yake. Kulikuwa na binti mmoja wa miaka tisa aliyesoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti iko juu, kidole kinatembea chini ya mstari, nami nikawa najiandaa kumpa kitabu cha mbele. Kitu fulani katika mwendo wa kidole kile kilinitia shaka, kwa maana kilifika mwisho wa mstari kabla ya maneno kwisha. Nikaifunika kwa kiganja picha iliyokuwa juu ya ukurasa, picha ya ng'ombe wawili kisimani, nikamwomba aanzie katikati. Akanyamaza. Alikuwa ameukariri ukurasa wote kwa kuwasikia wenzake, na picha ndiyo iliyokuwa ikimwongoza. Tukaanza upya na ma, me, mi, mo, mu, tukaja mba, mbe, mbi, tukafika kwenye ng' ya ng'ombe iliyomsumbua kwa miezi kadhaa, maana aliitamka kama ng ya ngoma na hakuona kosa liko wapi. Siku moja tukitoka getini alisimama mbele ya duka lililo ng'ambo ya barabara, akalitazama bango lake kwa muda, akasoma polepole, "Ma-ji-ra-ni," akageuka kunitazama kama anayeuliza iwapo kweli ndivyo palivyoandikwa. Sidai kwamba ni mimi niliyemfundisha kusoma. Mwalimu wake ndiye anayekaa naye siku zote za wiki. Mimi nilikuwa na nafasi ambayo mwalimu hana, ya kukaa na mtoto mmoja kwa dakika ishirini na kuifunika picha.

Jumamosi moja kwa mwezi haimtoshi mtoto, na hapo ndipo wengine walipoingia. Muuguzi wa hospitali ya serikali anayeishi nyuma ya kwangu, fundi umeme wa kujitegemea na karani wa benki waliona ninachofanya wakaniuliza, nami nikawauliza kila mmoja swali moja tu: Jumamosi ipi ya mwezi ni nyepesi kwako? Watu huzungumzia shughuli nyingi kana kwamba ni kitu kimoja kinachofanana kwa wote, ilhali kila kazi ina msimu wake wa kubana na msimu wake wa kuachia. Muuguzi huijua ratiba yake ya zamu mwezi unapoanza. Karani wa benki huelemewa mishahara inapotoka. Fundi umeme huitwa wakati wowote, kwa hiyo yeye alichukua Jumamosi ya kwanza kwa sharti kwamba karani awe mbadala wake akipata dharura. Hivyo shule ina mtu kila Jumamosi nne za mwezi, na ile ya tano, mwezi unapokuwa nayo, watoto wanapumzika. Tuna daftari moja linalobaki ofisini kwa mwalimu mkuu, ambamo kila mmoja huandika mtoto yupi amefika silabi ipi, ili anayekuja wiki inayofuata asianze upya. Nasema kwa uhakika kwamba daftari lile lina thamani kuliko yeyote kati yetu wanne, kwa kuwa ndilo linaloifanya kazi isimfe mkononi mtu mmoja anapougua au anaposafiri.

Kwa ambaye hata saa moja na nusu kwa mwezi hana, iko kazi ya kujitolea inayokuja mara tatu au nne tu kwa mwaka, nayo ni kuchangia damu. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, mradi awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema. Kutoa damu kwenyewe huchukua kama dakika 10, ukiacha kujiandikisha, kupimwa na kupumzika kidogo baadaye. Wengi wetu huijua benki ya damu siku ndugu anapolazwa na kuambiwa tutafute wachangiaji, tukaanza kupigiana simu usiku. Chembe nyekundu za damu huhifadhiwa kwa takribani wiki 5 hadi 6 tu, kwa hiyo damu nyingi iliyokusanywa siku moja ya hamasa haimfai mama atakayejifungua miezi mitatu baadaye. Wanafunzi wa sekondari na vyuo wamekuwa sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari nchini, na shule zikifungwa makusanyo hupungua. Sisi hatufungi shule. Mfanyakazi anayeandika katika kalenda yake siku tatu za mwaka, na kuzichagua katika miezi ya likizo za wanafunzi, anaziba pengo ambalo mwingine hawezi kuliziba, na Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo chake hapa hapa mjini, mbali na timu zinazofika kwenye ofisi na nyumba za ibada zikialikwa.

Jambo jingine ambalo ningependa wenzangu walitafakari ni kwamba msaada wetu mkubwa huwa katika ujuzi tunaoutumia kazini kila siku na ambao, kwa kuuzoea, hatuuoni tena kuwa ni kitu. Kikundi cha kuzikana cha mtaani kwetu kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya maneno kuhusu fedha. Mhazini wake, mama mwaminifu kabisa, alikuwa akiandika michango, faini na marejesho ya mikopo katika safu moja, tarehe zikiwa zimeruka, na kila mkutano jumla ilitofautiana na fedha zilizo kwenye kisanduku chenye kufuli tatu. Kwa jioni nne, baada ya chakula, tulikaa naye mezani kwake, tukachora safu, tukanakili upya miezi kumi na moja, na tofauti yote ikaonekana ilikotoka: faini zilihesabiwa mara mbili. Hakukuwa na mwizi. Kazi ile kwangu ilikuwa ya kawaida mno. Kwa mama yule ilikuwa ni kurudishiwa jina lake mbele ya majirani, na tangu siku ile anaendesha vitabu vyake mwenyewe bila mimi. Vivyo hivyo, afisa utumishi anaweza kukaa jioni moja na vijana wa mtaa akawaonyesha namna ya kuandika barua ya maombi ya kazi. Fundi bomba anaweza kutengeneza koki ya shule inayovuja tangu mwaka jana. Dereva mwenye likizo anaweza kumpeleka mgonjwa kliniki. Na anayejua kujaza fomu mtandaoni atawaokoa wazee wengi wanaolipa vibandani kwa jambo la dakika tano.

Hata wale wanaopenda kujitolea wakiwa wamekaa kitini nyumbani wana mfano wa hapa hapa kwetu. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa mitaa inayokumbwa na mafuriko, wakachora kwa undani nyumba, vichochoro na mitaro ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote, na kuiweka katika OpenStreetMap, ramani iliyo wazi kwa kila mtu duniani. Kuchora paa za nyumba kutoka kwenye picha ya setilaiti hufanyika kwa kompyuta, nusu saa leo, nusu saa wiki ijayo, na huwasaidia wanaopanga namna ya kuwafikia watu maji yanapopanda bonde la Msimbazi.

Nikitaja Msimbazi, nakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyosababisha familia kutoka mabondeni kupelekwa Mabwepande. Mvua za vuli huja Oktoba hadi Desemba na za masika Machi hadi Mei. Hili halijabadilika kiasi cha kutushangaza, lakini mtaro wetu husafishwa maji yakiwa yamekwisha kuingia sebuleni. Tunayo desturi nzuri ya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, iliyokua kutokana na siku ile ya 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa na taifa zima likashika mafagio. Wazee wetu wa Tanga na Upare walikuwa na msaragambo tangu zamani, kila kaya ikitoa mtu wa kulima barabara au kuchimba mfereji, na kila mtu akijua kipande chake ni kutoka mti huu hadi jiwe lile. Naomba usafi wetu urudie utaratibu huo wa vipande. Mfanyakazi anayelazimika kuwa kazini Jumamosi asubuhi hawezi kufika pamoja na wengine, lakini akipewa mita ishirini za mtaro kuwa zake, ataziingia Jumapili alfajiri au jioni ya sikukuu, na jirani atajua kama amezifanya.

Nina mambo mawili yanayonitia wasiwasi, na sitaki yapite bila kutajwa. La kwanza ni jinsi neno kujitolea linavyotumiwa siku hizi kwa kijana aliyehitimu chuo, anayefika ofisini au shuleni saa moja na nusu kila siku, anafanya kazi kamili ya mwajiriwa, na mwaka wa pili unaisha hajui hata nauli yake italipwa na nani. Huyo anafanya kazi bila ujira, na wanaomwita mtu wa kujitolea wanalichafua neno. Tunaojitolea tukiwa na mishahara yetu tuwe waangalifu tusije tukaziba nafasi ambayo ingeajiri mtu. Tunapoona kwamba shule inatutegemea sisi badala ya mwalimu, tuseme hadharani kwamba anahitajika mwalimu.

La pili linahusu watoto. Mtu mzima asiyejulikana hapaswi kuingia shuleni au kwenye kituo cha kulelea yatima na kukaa na watoto peke yake, hata awe mwema namna gani. Sisi tulianza kwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, tunakaa darasa lenye milango wazi, na daima yupo mwalimu katika eneo la shule. Pia hatuwapigi watoto picha. Nimewahi kuona kundi la watu waliofika kituoni na mafuta ya kupikia na sabuni, wakawapanga watoto mstari, wakapiga picha kwa saa nzima, wakaondoka bila kujua jina la mtoto hata mmoja. Mafuta yale yalipikiwa, na nashukuru; lakini mtoto anayeshikishwa ndoo ya mafuta mbele ya kamera naye anaona aibu kama mtu mzima.

Kwa waajiri nina ombi moja. Kampuni nyingi za jiji hili hutenga siku moja ya mwaka, fulana zinachapishwa, miti inapandwa, na jioni kila mtu anarudi kwake. Mwaka unaofuata tunakwenda mahali pengine, na ile miti ya mwaka jana hatujui kama ilimwagiliwa. Gharama ya siku hiyo ingetosha kumruhusu kila mfanyakazi atoke saa mbili mapema mara moja kwa mwezi kwenda kwenye kazi aliyokwisha kuahidi mtaani kwake. Mwajiri wangu alinikubalia hilo baada ya kumwonyesha kwamba tarehe nilizochagua haziingiliani na kodi wala na meli, na ninaamini wapo wengine wangekubali endapo wangeombwa kwa hesabu kama hiyo. Tunazo pia siku 28 za likizo ya mwaka kisheria; sishauri mtu azimalize kwa kujitolea, maana mwili nao una haki yake, lakini siku moja kati ya hizo yaweza kumaliza kazi ambayo mtaa umeishindwa kwa mwaka.

Kwa wenyeviti wa mitaa, wajumbe na walimu wakuu, naomba mtuite kama tunavyoitwa harusini. Bandikeni kwenye ubao wa ofisi, na tumeni kwenye makundi ya simu, orodha ya kazi ndogo ndogo zilizotajwa kwa ukamilifu: darasa la tatu linahitaji msikilizaji wa watoto sita, Jumamosi saa tisa, kwa miezi mitatu, hesabu za kamati ya maji zinahitaji mtu wa kuzikagua jioni mbili, bibi fulani anahitaji mtu wa kumchukulia dawa kila tarehe 15, baada ya yeye mwenyewe kukubali jambo hilo litajwe. Mikutano inayotuhusu sote ifanyike Jumapili alasiri. Mtu akishaandika jina lake, apigiwe simu siku moja kabla. Jumamosi ile ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka Kariakoo, wafanyabiashara na wapita njia waliacha shughuli zao wakaingia kwenye kifusi kwa mikono mitupu kabla mitambo haijafika. Watu hao hao wapo mitaani kwenu, wamelala kwa uchovu, na wengi wao hawajawahi kuombwa kitu chochote kwa jina.

Namalizia na ombi la karibu zaidi. Fundi umeme wetu amepata kazi ya mkataba Dodoma na ataondoka mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza haina mtu. Watoto ni kumi na mmoja sasa, wanne kati yao bado wako kwenye silabi za mba na nda, na daftari liko tayari ofisini kwa mwalimu mkuu. Msomaji wa upande wetu wa Segerea ambaye wiki ya kwanza ya mwezi ni nyepesi kwake apite kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wake aulizie barua ya utambulisho. Muuguzi nami tutakuwa shuleni Jumamosi ya pili kuanzia saa nane na nusu, kumwonyesha tulipofikia na kila mtoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu, mkazi wa Segerea,
Dar es Salaam